Barua kwa mwanangu: hiyo laki sita ya kikoba usimpe kwanza

Mama Nasra mwanangu, salamu. Huku Kigoma mwisho wa reli tu wazima, mama yako mguu unamsumbua kidogo ila sokoni anaenda mwenyewe na ukimwambia apumzike anakujibu vibaya, kwa hiyo ujue yuko sawa.

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unasema baba Nasra tangu wampunguze kazini huu ni mwezi wa tatu, anashinda na simu mpaka saa nane usiku, anasema anatafuta kazi za mtandaoni, na sasa kuna kitu anataka kuwekeza laki sita na wewe una hizo pesa kwenye kikoba. Halafu ukaniuliza, baba wewe ulianzaje, maana leo unaishi kwa simu.

Nimeamua kuandika badala ya kukutumia voisi kwa sababu voisi mama yako angesikia, na kuna jambo humu sijawahi kumwambia.

Unakumbuka mkataba wangu uliisha mwisho wa 2021, nina miaka arobaini na nane. Miaka kumi na minne nilikuwa stoo kipa wa shirika, magodoro, ndoo, sabuni za wakimbizi, vyote vinapita mkononi kwangu. Bajeti za makambi zikawa zinapungua, Mtendeli kule Kakonko ikafungwa mwaka huohuo watu wakahamishiwa Nduta, na sisi tukaitwa mmojammoja. Nyumbani nilisema niko likizo. Wiki tano nzima naamka saa kumi na mbili, napiga pasi shati, natoka. Unajua nilikuwa naenda wapi? Stesheni. Nakaa kwenye yale mabenchi ya jengo la Mjerumani kama mtu anayesubiri treni, siku isiyo na treni nashuka Kibirizi naangalia maboti yanavyopakia, saa kumi jioni narudi nimechoka kweli kama niliyefanya kazi. Kukaa bure kunachosha mwanangu, sikujua.

Sasa humo stesheni ndo nilipoingizwa kwenye grupu la Telegram. Kazi rahisi, unalaiki video unalipwa. Siku ya kwanza nilitumiwa 2,000 kwenye M-Pesa, kweli ikaingia, siku ya pili 5,000. Mtu mzima mimi nikafurahi kama mtoto wa Idi. Ya tatu wakasema kuna daraja la juu, weka 30,000 upate kazi zenye malipo makubwa, nikaweka, kwenye akaunti yao nikaona salio linapanda, nikaweka 100,000, salio linapanda tu, halafu nilipotaka kutoa wakasema akaunti imefungwa na kuifungua ni 250,000. Nikalipa. Usinicheke. Nilikuwa nimeshatoa mia na thelathini nikawa naona nikiacha hapo ndo nimezipoteza, kumbe zilishapotea siku ya kwanza. Usiku huo wakanitoa kwenye grupu na namba zao hazipatikani. 380,000 hiyo, ya mafao yangu.

Mama yako sikumwambia mpaka leo. Ila nadhani anajua, maana wiki ile nyama iliacha kununuliwa na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa hiyo swali lako la laki sita jibu langu ni hapana, usimpe kwanza. Na sio kwamba mkwe wangu simwamini. Mimi nilihesabu mali za watu miaka kumi na minne bila kupungua hata kipande cha sabuni na bado niliibiwa kwa simu nikiwa macho, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani na kitu cha kuonyesha. Kazi inayotaka ulipe ndo ulipwe, hiyo sio kazi. Muulize kwa upole tu, hizo pesa zinaenda kwa nani na anafanya nini hasa, yani kwa mikono yake, ili alipwe. Asipoweza kukueleza kwa maneno ambayo hata Nasra angeyaelewa basi hata yeye hajaelewa.

Na kabla sijasahau, NSSF ameenda? Kuna fao la kukosa ajira, ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa mtu aliyechangia angalau miezi kumi na nane na hakuacha kazi kwa hiari yake. Aende na barua yake ya kuachishwa. Haya mambo wanaume tunaona aibu kwenda kupanga foleni, tunasema tutaenda wiki ijayo.

Sasa nilianzaje. Sikuanza, niliombwa. Dada mmoja tuliyekuwa naye shirika akahamia Dodoma, akanitumia meseji, kaka nitafutie dagaa kilo tatu za kweli, wa huku nimechoka nakula mchanga. Na kweli, dagaa wakianikwa chini mchangani wanatembea nao, halafu mizani haijui mchanga wala dagaa, inapima tu. Nikaenda Katonga nikachukua walioanikwa kwenye chanja, nikawachekecha vilevile maana siamini mtu, nikaanza kupima. Na hapa ikanijia tabia ya stoo yenyewe tu. Mzigo usio na karatasi haujatoka. Nikaweka simu juu ya ndoo, nikarekodi mizani ikiwa tupu inasoma sifuri, nikaning'iniza mfuko, mshale ukasimama kwenye tatu, nikaandika jina lake na tarehe kwenye karatasi nikaipachika kwenye mfuko, nikafunga kwa kamba nikaweka na fundo langu lile la mara mbili, yote kwenye video moja bila kukata. Nikamtumia pamoja na picha ya risiti ya basi na namba ya kondakta. Sikuwa nafanya biashara, nilikuwa nakabidhi mzigo.

Yule dada akaiweka video stetasi. Mpaka jioni nina meseji saba za watu nisiowajua, na wote hakuna aliyeuliza bei kwanza, wanauliza wewe ndo yule wa mizani? Mwanangu hapo ndo nilielewa kitu. Mtandaoni dagaa wamejaa, kila mtu ana picha ya dagaa, nyingine wameiba kwa mwenzake. Kinachokosekana ni mtu ukimtumia hela usilale na wasiwasi.

Nisikudanganye lakini kwamba ikawa mteremko. Mawese ndo yalinitesa. Dumu la kwanza la lita ishirini lilivujia kwenye buti la basi likaharibu vitenge vya mama mmoja, nikalipa doti mbili. Sasa hivi kabla ya kupeleka stendi naweka nailoni chini ya kifuniko, nakaza, halafu dumu linalala kichwa chini juu ya gazeti usiku kucha, asubuhi nikikuta hata doa dogo halitoki. Mama yako analalamika sebule imegeuka bohari, anayo haki. Halafu kuna mteja wa Arusha, mwezi wa saba, baridi kali kule, akanipigia kwa ukali kwamba nimemuuzia mafuta mabovu yamekuwa kama samli. Nikamrudishia nusu ya hela yake kwa woga, na mawese ni kawaida yake kuganda kwenye baridi, mimi wa Kigoma ningejulia wapi, huku hayagandi kiasi hicho! Siku hizi kila dumu linatoka na ujumbe kabisa, yakiganda liweke kwenye maji ya moto, hayajaharibika.

Na ziwa nalo lina mambo yake. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi hawaendi, dagaa wanafuata taa na taa haina kazi kwenye mwanga wa mwezi, kwa hiyo wiki hiyo bei inapanda na mteja wa Dar anadhani umemgeuka. 2024 ndo walifunga ziwa zima miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne, ili samaki wazaliane. Ilitangazwa mapema, mimi kwa ujanja nikaficha magunia mawili, moja likaota unjano na harufu ya mafuta yaliyochacha nikalimwaga. Wapo waliouza tu za hivyo. Mimi ningeuza ningekula mwezi mmoja halafu ile mizani yangu isingekuwa na maana tena, kwa hiyo nikahamia maharage ya Kasulu na mawese, tukapunguza mlo, tukafika Agosti.

Hela? Tangu nimeanza sijawahi kufikisha ule mshahara wa stoo miezi miwili mfululizo. Kuna mwezi unazidi, kuna mwezi unapata nusu. Na ile simu mnayoiona nimeishika muda wote sio starehe, kuna mtu ataniuliza bei mara nne na hanunui, na lazima nimjibu vizuri mara zote nne.

Sasa baba Nasra. Naomba usimwambie auze dagaa kwa sababu baba yako anauza dagaa. Yeye ni fundi wa mafriji na AC. Wewe mwenyewe mwaka juzi nilipokuja ulikuwa unalalamika kwamba chakula kinapoa kwa sababu kila usiku kuna mtu kampigia, friji yangu inanguruma haigandishi, na yeye anaacha sahani anamuelekeza hatua kwa hatua, bure. Hao watu bado wanayo namba yake? Mimi sisemi kitu, nauliza tu. Na hili usimwambie limetoka kwangu, mwanaume aliyetoka kazini hataki kusikia kuwa mkewe na baba mkwe wamemjadili, mimi ningesikia hivyo 2021 ningerudi stesheni.

Mpe bando, usimhesabie saa, na asubuhi akipiga pasi shati usimuulize anakwenda wapi. Ile laki sita iache kikoba.

Ila kuna kitu kimoja nahitaji kweli, sio ujanja. Wateja wangu wa Dar wameongezeka na kuna mtu ananifungulia mifuko njiani, mara mbili sasa kilo zimepungua. Alhamisi naweka mifuko sita kwenye basi, mmoja ni wenu. Mwambie baba Nasra nimeomba akaipokee yeye stendi ya Mbezi, aangalie fundo langu kama ndo lilelile, apime kila mmoja kabla hajaugawa na anirekodie mizani ikiwa tupu kwanza. Nauli na ya kazi nitamtumia, na asikatae. Namba ya kondakta nitampa yeye mwenyewe asubuhi hiyo.

Baba yako.