Chumvi iliyo kwenye dumu la dawa ya magugu

"Mwalimu, shikamoo. Kwenye dumu la dawa ya magugu tumekuta maneno 'chumvi ya isopropilamini ya glifosati'. Mama anasema chumvi ni ya mboga, hapo wangeandika 'chumvichumvi'. Nani yuko sahihi?" (Msomaji, Mbalizi, Mbeya)

Marahaba. Lebo iko sahihi, lakini mama naye ana hoja. Kinachomtatiza ni ile "ya".

Chukua "chumvi ya Ivuna", iliyochemshwa tangu zamani karibu na Ziwa Rukwa: "ya" inataja inakotoka. "Chumvi ya mboga" inataja matumizi. "Chumvi ya isopropilamini" inataja kilichomo. Mama amezoea ile ya mboga, akaisoma hii vivyo hivyo.

Kwa wakemia, asidi ikikutana na besi (kemikali inayopokea hidrojeni ya asidi) huzaliwa chumvi, na ya mezani ni mojawapo tu. Glifosati, ndiyo dawa yenyewe inayoua magugu, ni asidi, tena nzito kuyeyuka: lita ya maji huyeyusha gramu 12 hivi. Isopropilamini, jamaa wa amonia, ikipokea hidrojeni ya asidi hiyo hugeuka kuwa aina ya amoni, yaani chembe yenye chaji chanya, na chumvi inayopatikana huyeyuka vizuri mno. Ndiyo maana lita moja ya dawa huweza kubeba gramu 480 za chumvi, ambazo ni gramu 360 hivi za glifosati yenyewe. Dumu moja likiandikwa 480 na jingine 360, soma kwanza kilichopimwa ni chumvi au ni asidi. Huenda dawa ni ileile.

"Chumvichumvi" tuwaachie wenye mbolea. Kurudia jina namna hiyo huleta maana ya kufanana, kama tunavyosema uji umekuwa majimaji. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanaiweka hata urea kwenye mbolea ya chumvichumvi. Kikemia urea si chumvi, na bado jina linaikaa sawasawa, kwa sababu halidai zaidi ya kufanana. Napenda sana neno hili.

Kwenye dumu ningeandika: "glifosati, katika umbo la chumvi ya isopropilamini". Dawa inatajwa kwanza, na msomaji habaki akijiuliza "ya" ipi imeshika ipi. Dumu lenu msilihifadhi jikoni, hata likiwa limefungwa. Mtoto anayeanza kusoma ataliona neno "chumvi" na kuishia hapo.