Maswali ya Wasomaji: Kiwavijeshi Asiyekufa kwa Dawa

Nimepulizia mahindi lambda-cyhalothrin. Viwavijeshi wadogo walikufa, wakubwa bado wanakula. Nikarudia kwa dozi maradufu, hali ikawa ileile. Dawa ni feki? (Msomaji, Kilosa)

Huenda, lakini tusianze kwa kumshuku mwenye duka. Kiwavijeshi vamizi ana jeni nyingi za kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja sumu, hasa za kundi la P450. Hufanya kazi kwenye utumbo wa kati na kwenye mwili wa mafuta, ambao kwake ndio kama ini. Sumu si jambo geni kwake: mahindi yenyewe yana ya asili, DIMBOA, naye huipooza kwa kuibandika sukari. Kiwavi mkubwa ana vimeng'enya vingi kuliko mdogo, tena amejichimbia kwenye moyo wa mmea, kinyesi chake kimeziba juu.

Kosa ni dozi maradufu. Huua wanyonge na kubakiza wenye jeni imara, wakapandana wao kwa wao, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000. Fuata kipimo cha lebo. Kila wiki kagua sehemu 5 za shamba, mimea 10 kila sehemu. Puliza unapoona vijidirisha (madoa angavu yaliyokwanguliwa) kwenye majani, kiwavi hajafika sentimita 1. Puliza jioni, bomba likielekea kwenye moyo wa mmea. Kisha tazama namba ya kundi, inayoonyesha dawa inavyoua: lambda-cyhalothrin ni 3A, emamectin benzoate ni 6, chlorantraniliprole ni 28. Ukibadili jina la dawa na namba ikabaki ileile, umebadili chupa tu. Kaa na namba moja siku 30 hivi, ambazo penye joto ni kama kizazi kimoja, ndipo uhamie nyingine.

Kwa nini isitengenezwe dawa ya kuzima jeni za uzazi za nondo, yaani kiwavijeshi aliyekomaa? (Msomaji, Kitale)

Watafiti wanajaribu. Kiini cha yai hutokana na protini iitwayo vitelojenini, inayoundwa kwenye mwili wa mafuta uleule na kupelekwa na damu hadi kwenye ovari. Kichocheo chake kimojawapo ni homoni ya uchanga, ambayo, ajabu, ndiyo humzuia kiwavi asigeuke nondo kabla ya wakati. RNA ya nyuzi mbili, molekuli inayofanana na nakala ya jeni, ikidungwa mwilini inaweza kuzima jeni. Kuilisha ndiko kugumu: utumbo wa kiwavi una alkali kali, na vimeng'enya huikatakata kabla haijaingia kwenye seli. Kwa mbawakavu mambo ni mepesi zaidi, na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha ledprona, dawa ya aina hiyo, dhidi ya mbawakavu wa viazi. Hata hiyo hailengi mayai. Mtu akikuuzia "RNA ya viwavijeshi" dukani, mwachie.

Je, kiwavijeshi anaweza kujenga usugu dhidi ya kuokotwa kwa mkono? (Msomaji, Mbozi)

Hapana, hakuna kimeng'enya cha kuzuia kidole. Ponda mafungu ya mayai yaliyofunikwa manyoya kama ukungu. Huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 4, hivyo pita shambani mara mbili kwa wiki.