Homoni ya viazi mviringo imelaza viazi vikuu vyangu

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi nalima Wete, Pemba. Kaka yangu yuko Lushoto, analima viazi mviringo, na mbegu zake akiziroweka kwenye homoni ya jibereli zinatoa macho haraka sana, basi akanipa pakti moja. Nimevuna viazi vikuu, wiki ileile nikaroweka nusu ya mbegu. Sasa miezi mitatu imepita, zile ambazo sikuroweka zimeanza kuchipua, za dawa zimelala tu kama mawe. Nimekosea kipimo au nimeua mbegu?

JIBU: Waaleikum salaam, pole sana dada yangu. Wala si kipimo. Hivi viazi viwili vinafanana jina tu, si ndugu kabisa, na jibereli ileile inayoamsha kiazi mviringo ndo inayokizidishia usingizi kiazi kikuu, tena ukiitia mapema baada ya kuvuna kama ulivyofanya ndo inashika kwelikweli. Kule Nigeria, wanaoongoza duniani kwa zao hili, watafiti wameijaribu kwa kazi hiyohiyo, yaani kiazi kikae ghalani bila kuchipua mpaka bei ipande. Inaniuma kuona mkulima anauziwa au anapewa dawa bila kuambiwa ni ya zao gani!

Mbegu usitupe. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha, ukikuta nyama mbichi na ule utelezi wake unaokamata vidole basi iko hai, iweke kivulini penye upepo, itaamka ila imechelewa. Kwa msimu huu panda zile ambazo hukuroweka, na ukikata vipande anza na upande wa kichwa, ndo unaowahi kuchipua, paka jivu kwenye kidonda, acha pakauke ndo ufukie.

Na usije ukaipulizia shambani ukitegemea viazi vinene, hiyo si mbolea, itarefusha mitambaa tu. Iko nyingine inaitwa paklobutrazoli, inafupisha mitambaa, lakini inakaa muda mrefu kwenye udongo na utakachopanda baadaye kinaweza kudumaa, kwa shamba la familia mimi siishauri. Unene unautafuta kwenye kipande cha mbegu kikubwa, tuta lililolainika na miti mizuri ya kutambalia.

Zile zenye dawa zitie alama, mtu asije akazipika.