Jicho likizima ghafla kisha likarudi: maswali yenu kuhusu mishipa ya macho na kiharusi

Tangu niandike kwa ufupi kuhusu presha na macho, barua zimekuwa nyingi, na baadhi zimenitia hofu kwa sababu walioziandika walipaswa kuwa hospitali siku ile ile. Nimefupisha maswali na kuanza na lililo la haraka kuliko yote.

Nina miaka 61, nipo Tanga. Jumapili nikiwa nasoma gazeti, jicho la kulia liliingia giza kutoka juu kwenda chini, kama mtu ameshusha pazia. Halikuuma. Baada ya dakika kama tano likafunguka na sasa naona vizuri. Mke wangu anasema ni uchovu, mwanangu anasema nibadilishe miwani. Nifanye nini?

Shikamoo mzee wangu. Miwani iache kwanza. Nenda hospitali leo, yenye daktari wa magonjwa ya ndani na vipimo vya moyo, wala usiishie duka la miwani. Jinsi unavyoeleza, hicho ni kiharusi cha muda mfupi mpaka vipimo vioneshe vingine. Tofauti ni kwamba kimegusa jicho badala ya mkono au mdomo.

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ni sehemu ya ubongo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, inachipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Damu yake huletwa na ateri nyembamba inayotokana na karotidi, mshipa mkubwa unaopanda shingoni kwenda kichwani. Sasa kipande cha mafuta kikibanduka kwenye ukuta wa karotidi, au donge la damu likichomoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio, hupanda pamoja na damu. Likishika njia ya jicho, jicho linazima. Likiipita njia hiyo, mkono unalegea na maneno yanapotea. Lako yaelekea lilikwama kidogo, likavunjika au likasukumwa mbele, ndiyo maana mwanga ukarudi. Lakini mahali lilipotoka bado pana ugonjwa, na siku na wiki za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote zinazofuata.

Mwaka 1961 daktari wa macho wa Mayo Clinic ya Marekani, Robert Hollenhorst, alieleza chembe za manjano zinazong'aa ndani ya ateri za retina za watu wenye karotidi mbovu. Zilikuwa ni kolesteroli iliyosafiri kutoka shingoni. Hadi leo daktari wa macho akiiona chembe kama hiyo, anamwandikia mgonjwa vipimo vya shingo na moyo, hata kama jicho lenyewe linaona vizuri kabisa.

Wewe omba upimwe presha, sukari, kolesteroli, umeme wa moyo, altrasaundi ya moyo na altrasaundi ya mishipa ya shingo. Karotidi ikikutwa imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi, kuna upasuaji wa kuisafisha, na utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa upasuaji huo unapunguza sana kiharusi kwa watu wenye dalili kama zako. Wengi wengine hutibiwa kwa dawa tu.

Si kila giza ni kiharusi, ni kweli. Kipandauso huleta mistari ya mwanga iliyovunjikavunjika, inayokua polepole kwa dakika 20 hivi, kwa kawaida katika macho yote mawili. Pazia lililoshuka na lisipande tena, hasa likitanguliwa na vimulimuli na vidoa vyeusi vinavyoelea, linaweza kuwa retina iliyobanduka, na hiyo nayo ni dharura. Ikitokea tena, ziba jicho moja kisha la pili ili ujue ni lipi limezima, na utazame saa. Lakini mzee wangu, usikae nyumbani ukisubiri itokee tena.

Mama yetu, miaka 70, aliamka jicho moja halioni kabisa. Zahanati tulipewa dawa ya matone, mahali pengine tukapewa nyingine, leo ni siku ya nne. Je, tumechelewa? (Dodoma)

Kwa jicho lenyewe, pengine ndiyo, na naandika hivyo kwa masikitiko. Ateri kuu ya retina ikiziba kabisa, saa nne hivi zinatosha kuua retina, na huenda hata chini ya hapo. Hakuna tone la dawa linalofungua ateri hiyo.

Kwa uhai wa mama, hamjachelewa. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba kuziba kwa ateri hiyo ni aina ya kiharusi na kushughulikiwe kama kiharusi, kwa sababu wagonjwa wengi wa namna hii wakipigwa picha ya MRI hukutwa na alama mpya za kiharusi kwenye ubongo ingawa mikono na miguu yao ni mizima. Mpelekeni leo, na mwelezeni daktari wa zamu kwa maneno haya: "Ameacha kuona ghafla jicho moja, bila maumivu." Ukitamka tu kwamba macho yanamsumbua, atapangiwa foleni ya kliniki ya wiki ijayo.

Muulizeni pia kama kichwa kinamuuma kwenye panja, kama ngozi ya kichwa inauma akichana nywele, au taya linachoka akitafuna. Upo uvimbe wa ateri unaowapata watu wa zaidi ya miaka 50. Si wa kawaida kwetu, lakini ukicheleweshwa unachukua na jicho la pili ndani ya siku chache. Dawa yake ya steroidi huanzishwa siku hiyo hiyo, kabla hata majibu yote hayajatoka.

Nilikwenda kupimwa miwani, daktari akaniambia presha imeshaharibu mishipa ya macho yangu. Sijawahi kuumwa kichwa wala kizunguzungu. Jicho linajuaje presha? (Mbeya)

Dada yangu, jicho ndiyo sehemu pekee ya mwili ambapo daktari anaweza kutazama mishipa ya damu ikiwa hai, bila kisu wala sindano. Tangu Mjerumani Hermann von Helmholtz alipobuni kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, madaktari wamekuwa wakiitazama ateri, mishipa inayoleta damu, na vena, mishipa inayoirudisha, zikipishana mle ndani. Na mishipa hiyo haikudanganyi kuhusu miaka iliyopita. Presha inaweza kushuka asubuhi moja kwa sababu umelala vizuri, lakini ukuta wa ateri uliokuwa ukisukumwa kwa nguvu miaka kumi unabaki mnene na njia yake ya damu imekuwa nyembamba, unaikandamiza vena pale unapovuka juu yake, kisha damu inaanza kudondoka na mabaka meupe kama pamba yanajitokeza pale ambapo retina imekosa damu.

Mwaka 1939 madaktari watatu wa Mayo Clinic, Keith, Wagener na Barker, waliugawa uharibifu huu katika ngazi nne. Ngazi ya nne ni pale hata kichwa cha neva ya jicho kimevimba. Zama hizo dawa zetu za leo hazikuwapo, na kwa wagonjwa wa ngazi hiyo waliofuatiliwa, sita tu katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Mtu wa ngazi hiyo leo hafai kurudi nyumbani, analazwa.

Kuhusu kiharusi hasa, watafiti wa Marekani walizipiga picha retina za watu zaidi ya 10,000 na kuwafuatilia. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliokuwa na mishipa iliyoharibika ya jicho walipata kiharusi zaidi ya wengine, hata baada ya kuzingatia kiwango cha presha zao. Baadaye wakawatazama wenye presha peke yao, karibu 3,000, kwa miaka 13. Wenye uharibifu wa wastani au mkubwa walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya wale wenye retina safi. Sababu si ngumu: mishipa midogo ya ndani ya ubongo ina unene ule ule na inapigwa na presha ile ile. Daktari wako hakutazama jicho tu, alitazama sampuli ya ubongo wako.

Kwa hiyo nakuomba usifurahie kutoumwa kichwa. Presha kwa walio wengi haina dalili. Anza dawa, usiache ukijisikia nafuu, punguza chumvi kuanzia jikoni na mezani, na lenga namba iliyo chini ya 140 kwa 90, ambayo kwa wengi madaktari huishusha zaidi hadi chini ya 130 kwa 80. Kama una kisukari pia, retina ichunguzwe kila mwaka hata ukiona mpaka sindano iliyoanguka.

Weupe wa jicho langu umejaa damu nyekundu tangu jana. Jirani anasema kiharusi kinakuja. (Kigoma)

Damu hiyo iko juu, chini ya ngozi nyembamba ya jicho, wala haina uhusiano na retina. Kukohoa, kupiga chafya, kunyanyua mzigo au kufikicha kunatosha kuileta. Huondoka yenyewe kwa wiki moja hadi tatu. Pima presha mara moja, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda mwambie daktari wako. Likianza kuuma, au ukiona kwa shida, au uligongwa, hapo nenda hospitali.

Nimeambiwa vena ya jicho imeziba na nachomwa sindano ndani ya jicho kila mwezi. Je, nami nitapata kiharusi? (Nakuru)

Vena ni njia ya damu kurudi, hivyo ikiziba damu na maji hujaa kwenye retina, na sindano unazochomwa zinakausha maji hayo. Usizikatishe kwa sababu umeona nafuu baada ya ya kwanza. Hatari ya kiharusi hapa ni ndogo kuliko ya ateri kuziba, ila ipo, kwa kuwa mzizi ni ule ule: presha, kisukari, kolesteroli, sigara. Kinachonisikitisha ni wagonjwa wanaochomwa sindano mwaka mzima huku presha yao ikibaki 180. Uliza pia presha ya jicho lenyewe, maana glakoma, ugonjwa wa jicho unaoendana na presha hiyo kupanda, huchangia.

Mwanangu wa miaka saba ana selimundu. Nimesikia inaleta kiharusi na upofu. Ni kweli kwa mtoto mdogo hivi? (Musoma)

Ni kweli mama, na swali lako ningependa liulizwe na kila mzazi wa Kanda ya Ziwa. Seli zenye umbo la mundu zinaharibu kuta za mishipa mikubwa ya ubongo na kuziba midogo ya retina. Kabla kinga haijajulikana, karibu watoto 11 katika kila 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu walikuwa wamepata kiharusi kabla ya kufika miaka 20.

Kinga sasa ipo. Altrasaundi ya kichwani, isiyouma, hupima mwendo wa damu kwenye mishipa ya ubongo. Damu ikikimbia kupita kiasi, mshipa umebanwa, na hapo mtoto huongezewa damu kwa ratiba au hupewa dawa iitwayo haidroksiyurea. Hupimwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kwa hiyo kliniki ijayo omba kipimo hicho. Macho yake yachunguzwe kwa dawa ya kutanua mboni kuanzia miaka 10. Akianza kuchechemea ghafla, kudondosha kijiko au kusema kwa kigugumizi asichokuwa nacho, usimwite mvivu wala usitafute upepo mbaya. Mkimbize.

Baba ana presha. Akipinda mdomo usiku, nimpe aspirini na kidonge cha presha chini ya ulimi kabla gari halijafika? (Mombasa)

La, usimpe kitu, hata maji, kwani anaweza kupaliwa. Viharusi vingine ni mshipa kuziba, vingine ni mshipa kupasuka, na barani Afrika vya kupasuka ni karibu theluthi moja. Aspirini kwa aliyepasuka mshipa inaongeza kuvuja damu. Presha ikishushwa ghafla kwa aliyeziba mshipa, sehemu ya ubongo inayohangaika inakosa hata damu kidogo iliyobaki. Ni picha ya ubongo pekee, kama ya CT, inayoweza kukuambia ni kipi. Mlaze kwa ubavu na mwandike saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu hapo.

Mume wangu alipata kiharusi miezi minne iliyopita. Anakula wali wa upande wa kulia wa sahani na kuacha wa kushoto, anagonga fremu za mlango, na akisoma msahafu anaruka maneno ya mwisho wa mstari. Tumebadilisha miwani mara mbili. (Unguja)

Pole sana dada. Miwani haitasaidia, kwa sababu macho yake huenda ni mazima. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kufuta nusu ya kushoto ya picha kwa macho yote mawili, au kuufanya ubongo uisahau nusu hiyo. Daktari wa macho apime uwanja wa kuona, yaani eneo lote analoliona bila kugeuza macho, na achunguze retina mara moja, ili mjue na hali ya mishipa iliyobaki. Kidogo huweza kurudi, hasa miezi ya mwanzo. Iliyobaki ni mazoezi, nayo yanasaidia: afundishwe kugeuza kichwa kushoto kabla ya kupita mlango, mgeuzie sahani anapodhani amemaliza, na mketi kushoto kwake mnapozungumza. Kwenye msahafu, aweke kidole cha kushoto mwishoni mwa mstari, kama mkono huo una nguvu, au mwekee utepe mwekundu pembeni, na asihamie mstari wa chini mpaka jicho limefika hapo. Vespa na gari asiendeshe hadi uwanja wa kuona upimwe tena.