Toyota IST inawasha taa ya injini, kodi (namba ya hitilafu) P0171: usinunue sensa kwanza

Mkuu, umesema IST yako yenye injini ya 1NZ imewasha taa ya injini, mashine ya kupimia gari imetoa P0171, na fundi wako hapo Arusha anataka ununue sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi). Shikilia hela yako kwanza.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na aliyetoa taarifa ni hiyo hiyo sensa. Kuibadilisha bila kupima ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi.

Premio yangu hapa Moshi iliwahi kuleta kodi hiyo. Ikisimama kwenye foleni inatetemeka, ukikanyaga mafuta inatulia. Fundi hakuishia kwenye kodi, alifungua vipimo vinavyotembea (vinavyobadilika injini ikinguruma) akaangalia kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi. Kwa kawaida hucheza ndani ya 10, juu au chini. Yangu ilizidi 20 gari likiwa limesimama, lakini mzunguko wa injini ukifika 2,500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri. Hapo ujue kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa ya kupima hewa. Injini ikivuta hewa kidogo, tundu dogo linaivuruga. Ikivuta nyingi, halisikiki. Kilichokutwa ni mpira mwembamba unaotoka kwenye kava ya vali kwenda manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), umekauka na kupasuka upande wa chini, huuoni mpaka uupapase. Bei yake hata haifai kutajwa.

Ikiwa lako linafanya kinyume, asilimia inapanda unapovuta mlima kama ule wa Himo kwenda Marangu, angalia pampu na chujio la mafuta. Angalia pia sensa ya hewa, kwa vumbi letu hili huchafuka. Ipulizie dawa yake, usiifute kwa kitambaa.

Fundi asichomoe betri ili taa izime. Kodi inafutika pamoja na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka, mnabaki kubahatisha.

Taa isiyopepesa inakuruhusu kwenda gereji taratibu. Ikipepesa, injini inamisi vibaya na mafuta ambayo hayajaungua yanakwenda kuua masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi), kwa hiyo paki. Wakati mwingine hutokea baada ya kuosha injini kwa maji ya presha (sijui nani alituroga na hii tabia), maji yakabaki kwenye matundu ya plagi.

Weka hapa asilimia ya gari likiwa limesimama na ya kwenye 2,500, tuangalie.