Mefiboshethi hakulima mwenyewe

Swali lenu la wiki hii, kama imani inamtosha mtu aliyepoteza kiungo cha mwili kuendelea na maisha, nililisoma mara tatu, na jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba inamtosha kabisa. Mimi ni mkulima wa Masasi. Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwanzoni mwa mwaka 2019 kwa sababu ya kisukari: kisiki kilinichoma shambani, na kwa kuwa nyayo zangu zilikuwa zimekwisha kufa ganzi, sikujua lolote hadi mke wangu alipoona damu kwenye ndala. Kidonda kilikataa kupona. Asubuhi ya kukatwa niliisali Zaburi ya 23 hadi mwisho, na hofu ikaniondoka. Hilo ni kweli, na silifuti.

Lakini siku ya kukatwa ni siku moja tu. Zinazofuata ni siku za kufunga kigutu bandeji ili kinywee, za kuamka usiku wa manane ukitaka kukuna vidole ambavyo havipo tena, za kwenda chooni kwa magongo wakati uwanja umelowa mvua. Mguu wa bandia niliopewa ulilegea mapema, maana kigutu huendelea kupungua; nikavaa soksi mbili, kisha tatu, hadi uliporekebishwa. Hayo yote mtu huyazoea. Lililonishinda kulizoea ni kusaidiwa, na ndilo ninalotaka kulijibu, ingawa hamkuliuliza.

Ilipofika Oktoba ya mwaka ule korosho zilianza kudondoka. Anayezijua anajua kwamba korosho haichumwi mtini. Huanguka pamoja na bibo lake, lile tunda laini linaloshikana nayo, nawe huinama na kuiokota, moja baada ya nyingine, mikorosho yote, kila siku, kabla unyevu haujaiharibu. Mchanga wetu nao haumwonei huruma mwenye magongo, kwa sababu kila ukiegemea, gongo huzama. Akina mama wa kanisani walikuwa wameahidi kuja, nami nikawatumia ujumbe kwamba wasisumbuke. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe nguvu ya kuvuna shamba langu kwa mikono yangu, na niliona kwamba kupokea msaada wao kungekuwa kuikana sala yangu. Nikaenda na mjukuu wangu wa miaka 8. Nilitandika gunia tupu, nikakaa juu yake, nikajikokota kutoka shina hadi shina nikiokota, na mtoto akilivuta gunia kila nilipolemewa. Kufikia saa sita nilikuwa na kikapu kimoja ambacho hakijajaa. Kigutu kilikuwa kimechubuka, jambo la hatari kwa mwenye kisukari, na mtoto alikuwa ananitazama kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Wale akina mama walikuja hata hivyo. Hawakuniombea wala kunihubiria. Mkubwa wao aliamkia, akakichukua kikapu, akasema, "Baba, wewe kaa hapo kivulini utenganishe korosho na mabibo, sisi tutaokota." Akanipa kazi ya kukaa. Nilitenganisha hadi jioni, mikono ikinata maji ya mabibo, nami nililia bila kujificha.

Usiku ule nilifungua 2 Samweli 9, habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyekuwa na kilema cha miguu yote miwili. Nilikuwa nimeisikia kanisani tangu utoto, lakini sikuwahi kuona kwamba hakwenda kwa mfalme mwenyewe. Daudi alituma watu wakamlete. Wala hakulima: shamba lake lilikabidhiwa Siba, mtumishi wa nyumba ya babu yake Sauli, pamoja na wanawe na watumishi wake. Nikasema moyoni kwamba hili ndilo jibu la sala yangu, na kwamba kuletwa mezani na kulimiwa si aibu.

Ningeishia hapo kama habari ya Mefiboshethi ingeishia hapo. Msimu uliofuata ndugu yangu mmoja alijitolea kusimamia kila kitu, kuanzia kupulizia mikorosho dawa ya salfa hadi kupeleka mzigo ghalani, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilihesabu magunia 11 yakitoka nyumbani. Stakabadhi iliyorudi kwa jina langu ilikuwa ya magunia 8. Siba naye alimsingizia bwana wake mbele ya mfalme na kupewa mali yote, na Daudi aliporudi Yerusalemu akataka wagawane, Mefiboshethi alijibu kwamba Siba na azichukue zote, maadamu mfalme amerudi kwa amani.

Mimi sijafika huko. Imani yangu imenipa kukubali kukaa kivulini wakati wengine wanaokota, na hilo si dogo, lakini haijanipa kusema "na azichukue zote", na nikiliandika hapa kana kwamba imenipa nitakuwa nimewadanganya wasomaji wenu. Kwa hiyo sithubutu tena kusema kwamba inatosha, angalau si kwangu, na si bado. Pengine aliyekatwa miguu yote miwili atawajibu vizuri kuliko mimi niliyeachiwa goti. Yule ndugu yangu tunasalimiana, na kanisani tunapeana amani. Akina mama wataendelea kuokota. Mzigo ukipelekwa kupimwa, nitapelekwa pamoja nao kwa bajaji, na nitakaa karibu na mizani.