Simu ya ofisi ijipokee yenyewe: maswali ya wana Kigoma kuhusu menyu na voismeli

Mwakeye ndugu zangu. Mi kazi yangu ni kufunga simu za maofisini hapa Kigoma, Mwanga, Ujiji, Gungu, mara moja moja natoka mpaka Kasulu, na miezi hii maswali ya ile simu inayojipokea yenyewe na kumpa mpigaji menyu ya kuchagua, na ya voismeli, yani boksi la kuachia ujumbe wa sauti, yamekuwa mengi kiasi kwamba nimeona niyajibu kwa pamoja. Nimeyafupisha tu, ila maana yake nimeiacha kama ilivyo.

SWALI: Fundi habari za saa hizi. Nina stoo ya vifaa vya ujenzi Gungu, tupo wanne na simu ya biashara ni moja, inazunguka kwa huyu mara kwa yule. Nataka ile ya bonyeza moja, bonyeza mbili. Naanzia wapi?

Nzuri kaka. Kabla hujatoa hela yoyote nunua daftari, siku tano mfululizo andika kila simu inayoingia, mpigaji alitaka nini na nani alimmalizia shida yake, na zile ambazo hazikupokelewa ziandike pia. Nakwambia hivyo kwa sababu watu wengi wanapanga menyu kwa kufuata vyeo vya ofisini, meneja moja, mhasibu mbili, wakati mteja hajui hata mhasibu wako ni nani, yeye anataka kujua bati geji 30 bei gani na kama gari la mzigo la Uvinza linaondoka leo. Menyu inatoka kwenye lile daftari. Na daftari likikuonyesha simu nane kati ya kumi ni za bei, basi menyu huihitaji, unahitaji mtu wa pili wa kupokea.

Kwa hali hiyo anza na kuhamisha simu, hii haina gharama ya vifaa. Kwenye simu ya biashara piga **61*namba ya mwenzako*11*20# alafu kama hukupokea ndani ya sekunde 20 simu inaruka kwa mwenzako. **67* ni pale laini ikiwa bize, **62* ni pale simu imezimika au mtandao hamna, na ##002# inafuta yote uliyoweka. Ila ujue kile kipande cha kuruka kinakatwa kwenye salio lako wewe, sio la mteja.

Ukiona biashara imezidi hapo ndo tunaongelea pabeksi, yani mashine ya ofisi inayopokea simu na kuzigawa. Kuna vile viboksi vidogo vya Grandstream au Yeastar ambavyo menyu na voismeli vimo ndani tayari, na kuna programu ya bure inaitwa Asterisk, ilianzishwa na Mmarekani mmoja anaitwa Mark Spencer mwaka 1999, ambayo kwa ofisi ya watu wanne inatosha kukaa kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja. Kompyuta kubwa sio lazima kabisa. Juu ya Asterisk unaweka FreePBX ili upangilie kwa kubofya badala ya kuandika mistari. Alafu laini zako za kawaida za simu unazichomeka kwenye getwei ya GSM, ni boksi lenye matundu ya laini na antena zake.

Kitu kimoja usikiache: laini isajiliwe kwa jina la kampuni. Nimeshaona mara mbili mfanyakazi anaondoka na namba ambayo wateja wanaijua miaka sita, kwa sababu alama ya kidole ilikuwa yake.

SWALI: Salamu ya kwanza iwe na maneno gani? Bosi ameandika ukurasa mzima, anataka usomwe wote.

Hili swali nalipenda na nalijibu kwa moyo wote maana hapa ndo sistimu nyingi zinafia. Mashine ikishapokea tu, salio la mteja linaanza kutembea. Wakati simu inaita hakatwi kitu, ila ile "karibu sana katika ofisi yetu" ya kwanza kabisa ameshaanza kuilipia. Kwaiyo kila neno la bosi analilipia mteja.

Kuna siku nilikuwa Kibirizi nasubiri mtu, bibi mmoja akaniomba nimsaidie kupiga ofisi fulani ya hapa mjini, alikuwa na salio dogo sana la vocha. Mashine ikapokea, ikaanza kusoma ofisi ilianzishwa lini, dira yake, dhamira yake, alafu saa za kazi, alafu anuani, yani kabla haijafika kwenye "bonyeza" simu ikakatika, salio limeisha. Bibi akaniuliza "wamesemaje?" Nilikosa la kumjibu. Toka siku ile mi salamu inayozidi sekunde 15 siifungi, mwenye ofisi akikataa tunaongea mpaka tuelewane.

Mfano wa salamu inayotosha: "Karibu (taja jina la duka). Kuulizia bei, bonyeza moja. Mzigo uliokwisha kulipia, bonyeza mbili. Kuongea na mtu, bonyeza sifuri, au subiri." Basi. Angalia nimetaja shida kwanza alafu namba, sio "bonyeza moja kwa ajili ya", maana mtu anasikiliza shida yake ndo anaitafuta namba, ukitanguliza namba akija kusikia shida yake namba ameshaisahau. Chaguo zisizidi nne. Na lile "au subiri" ni la muhimu sana, mtu asipobonyeza chochote simu iende kwa binadamu, isikate wala isirudie maneno yaleyale mara tatu. Wazee wetu wengi simu iko sikioni, mpaka aishushe, atafute kitufe, na kwenye simu janja kioo kimezimika kwa sababu kilikuwa kimegusa shavu, sekunde zinakwenda. Mpe sekunde 6 au 7 za kusubiri baada ya maneno kuisha.

Kuhusu kurekodi, simu inapitisha sauti za katikati tu, kama 300 mpaka 3400 hezi, kwaiyo ile sauti nzito ya redioni mnayoitafuta haifiki kwa mteja, inafika ikiwa imekwaruza. Tafuta mtu anayetamka vizuri na anayeongea kama anamkaribisha mgeni nyumbani kwake. Rekodi ndani ya gari vioo vikiwa juu, au chumba chenye magodoro na nguo nyingi, feni izimwe, na mvua ikiwa kwenye bati ahirisha. Alafu faili la sauti libadilishwe liwe la aina ya WAV ya mono, hezi 8000, biti 16, programu ya Audacity inafanya hiyo kazi bure. Ukiliweka lilivyotoka kwenye simu sistimu inaweza kulikataa au kulisoma vibaya, na mafundi wengi wanahangaika siku nzima hapo wakidhani boksi limekufa.

SWALI: Tumefunga voismeli toka mwaka jana, hamna anayeacha ujumbe. Tatizo ni mashine?

Hapana dada yangu, mashine ni nzima. Sisi huku tumezoea kubipu, na siku hizi mtu akikosa simu anatuma voisi ya WhatsApp. Kuongea na mlio wa "piii" bila kujua kama kuna mtu atasikia, huku analipa, wengi hawaoni faida yake, na mi nawaelewa.

Kwaiyo fanya mambo mawili. La kwanza, kila asubuhi fungua ripoti ya simu zilizopotea, pabeksi yoyote inayo hiyo ripoti, inakuonyesha namba na saa hata ya aliyekata kabla ya mlio, mpigie wewe kwa bando lako. Hiyo ripoti kwa mazingira yetu ina thamani kuliko voismeli yenyewe. La pili, maneno ya voismeli yaahidi kitu: "Taja jina lako na shida yako, tutakupigia leo kabla ya saa kumi na moja." Na kweli mpige. Watu wakipigiwa mara mbili tatu wanaanza kuacha ujumbe, nimeona kwa macho yangu kwenye ofisi moja ya clearing pale karibu na bandari.

Kwenye mipangilio weka ujumbe wa chini ya sekunde 3 ujifute, la sivyo boksi la ujumbe litajaa "haloo, haloo", na mwisho uwe dakika 2. Ujumbe utumwe kwenye imeili pia. WAV ya kawaida dakika moja inakaribia megabaiti 1, ila ukichagua ile iliyobanwa kwa GSM inashuka mpaka kama kilobaiti 100, kwa bando zetu chagua hiyo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya binafsi Ujiji. Tumewekewa hiyo mashine lakini mchana inasema tumefunga na usiku inasema tumefungua. Na usiku wagonjwa wanapiga.

Shikamoo mama. Pole sana, na hili naomba lishughulikiwe leo leo. Aliyepanga saa ameweka saa za Kiswahili kwenye mashine ya saa za Kizungu. Mmemwambia mnafungua saa mbili mpaka saa kumi na moja, yeye ameandika 2:00 mpaka 11:00, yani mashine inaamini mnafungua saa nane usiku na mnafunga saa tano asubuhi. Inatakiwa iwe 08:00 mpaka 17:00, na ukanda wa saa uwe Africa/Dar_es_Salaam, ukiachwa UTC (saa ya dunia) kila kitu kinachelewa masaa matatu. Sio wewe wa kwanza mama, nimekuta hili kosa mara nyingi, na hata mi mwenyewe siku hizi naandikisha mteja kwenye karatasi "saa mbili asubuhi" na "08:00" pembeni yake.

Sasa la usiku. Simu ya mgonjwa isiende voismeli, kamwe. Ratiba ya usiku ipange iende kwa simu ya aliyeko zamu, isipopokelewa sekunde 20 iende kwa wa pili, isipopokelewa irudi kwa wa kwanza, na salamu ya usiku iwe fupi kabisa: "Kwa dharura, subiri hapohapo." Asibonyezeshwe kitu mtu mwenye mtoto anayedegedeka mikononi. Namba ya zamu ibadilishwe kila inapobadilika zamu, mpangie mtu kazi hiyo na jina lake liwe kwenye ratiba ukutani.

Na jumbe za wagonjwa za mchana, za miadi na majibu, zisikae wazi kila mtu azisikilize. Ni taarifa binafsi, na sheria yake ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Boksi la ujumbe liwe na namba ya siri na ujumbe ukishafanyiwa kazi ufutwe.

SWALI: Wateja wetu wengi wanatoka Kalemie na Bujumbura, tuweke menyu ya Kifaransa?

Wekeni, ila sio mwanzoni. Wengi wa Kalemie wanaongea Kiswahili, chao kina ladha yake lakini menyu wataielewa. Weka sentensi moja mwishoni mwa salamu, kwa Kifaransa chenyewe, isemwe na mtu anayekijua, kwamba abonyeze 9. Na hiyo 9 iende kwa mtu anayeongea hiyo lugha, maana mkimkaribisha kwa Kifaransa alafu anapokelewa na mtu anayesema "unasemaje?" mmemdanganya. Kumbukeni pia wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu saa moja, kwaiyo nyinyi mkifunga saa kumi na moja kwao ni saa kumi tu, bado wanapiga. Ofisi zinazowategemea nazishauri ziongeze hiyo saa.

SWALI: Umeme na radi fundi, mwaka jana tumepoteza boksi mbili.

Poleni. Radi za huku mnazijua, mvua zikianza mwezi wa kumi hazina mchezo. Nyaya ndo mlango wake: umeme, waya wa simu wa nje, antena ya juu ya paa. Weka kizuia radi kwenye kila waya unaotoka nje, sio kwenye umeme peke yake, na ethi, yani waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini, iwe imechimbiwa kweli na kupimwa, sio waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Kati ya jengo na jengo usipitishe waya wa shaba, pitisha faiba, haipitishi umeme. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) moja iwe na boksi, ruta na swichi ya mtandao kwa pamoja, na swichi iwe ya PoE inayolisha simu za mezani kupitia waya wa mtandao, simu moja inakula wati chache tu. Nimekuta ofisi pabeksi ina UPS na ruta haina, sasa boksi linawaka na hamna simu inayoingia.

SWALI: Tuna tawi Kasulu, linaweza kutumia menyu hiyohiyo? Na ni salama?

Linaweza. Simu moja kwa mfumo wa kusafirisha sauti unaoitwa G.711 inataka kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa G.729 kama 31, kwaiyo intaneti ya kawaida inabeba, shida ni pale watu wanapoangalia video kwa wakati mmoja, ruta ipangiwe itangulize simu. Unganisheni kwa VPN, yani njia yenu ya siri ndani ya intaneti. Boksi lisiachwe wazi kwenye intaneti kwenye poti 5060, mlango unaopitisha simu za intaneti, kuna mashine huko duniani zinazunguka usiku kucha zikitafuta hizo poti ili zipige nje ya nchi kwa salio lako. Funga simu za nje ya nchi kwa kila eksitensheni (namba ya ndani ya ofisi) isiyozihitaji, na namba ya siri ya voismeli isiwe 1234 wala isifanane na eksitensheni yenyewe, boksi nyingi zinakuja hivyo toka kiwandani na hamna anayebadilisha. Badilisheni siku ileile fundi anapokabidhi, yeye akiwa amesimama hapo.